Namna ya kugundua hesabu za kampuni zilizopikwa: mwongozo kamili

Kupika faida ni kazi ya dakika tano. Mhasibu anaingiza ankara moja ya kubuni, mauzo yanapanda, faida inapanda, bosi anacheka. Shida inaanzia hapo. Uhasibu una pande mbili, na kila ankara hewa inayoingia kwenye mapato lazima itafutiwe pa kulala kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Mteja ambaye hayupo hawezi kulipa, kwa hiyo deni lake linalala kwa wadaiwa, lile fungu la fedha ambazo wateja hawajalipa. Likikaa sana litaanza kunuka, basi linahamishwa: leo kwenye stoki, kesho kwenye mitambo, na kwa wenye roho ngumu kabisa, kwenye salio la benki.

Ndiyo maana siku hizi sianzi na faida. Faida ndiyo namba iliyopangwa ionekane. Natafuta pale uongo ulipolazwa.

Mwongozo huu ni wa mtu wa nje: mwekezaji mdogo, mkopeshaji, mwandishi wa habari, au mfanyabiashara anayefikiria kuikopesha kampuni bidhaa. Huna ruhusa ya kufungua leja zao. Ulichonacho ni hesabu zilizochapishwa. Kwa mengi, zinatosha.

Kabla ya kugusa namba

Pakua ripoti kamili za mwaka, za miaka mitano mfululizo. Usikubali vile vijitabu vya rangi vya kuwaonyesha wawekezaji, wala taarifa kwa vyombo vya habari. Humo kuna "faida iliyorekebishwa" na maneno mengine ya mapambo, na yale unayoyatafuta hayamo. Tafuta pia ripoti za kampuni mbili au tatu za sekta hiyohiyo, maana namba ikiwa peke yake haina cha kukwambia.

Kisha soma kinyumenyume. Anza na hati ya mkaguzi wa nje, uende kwenye maelezo ya hesabu kule nyuma kwenye maandishi madogo, halafu mtiririko wa fedha, halafu mizania. Taarifa ya faida na hasara iwe ya mwisho. Ukianza na ukurasa wa mwenyekiti, mpaka ufike kwenye namba utakuwa umeshalainishwa.

Kwenye hati ya mkaguzi, hati yenye shaka au hati mbaya inajieleza yenyewe. Tatizo ni hati safi, ile ambayo mkaguzi anasema hesabu ziko sawa. Enron na WorldCom za Marekani na Wirecard ya Ujerumani zote zilipata hati safi miaka na miaka kabla ya kuanguka. Hati safi ichukue kama kibali cha kuendelea kusoma tu. Yenye thamani zaidi ni yanayoizunguka: mkaguzi aliyebadilishwa katikati ya mkataba, kampuni kubwa yenye matawi nchi ishirini inayokaguliwa na ofisi ndogo isiyo na ubavu huo, hesabu zinazoahirishwa kuchapishwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Wirecard iliahirisha hesabu zake za 2019 mara kadhaa kabla ya kusema ukweli Juni 2020. Kampuni ikichelewa kutoa hesabu, usipokee sababu ya kwanza unayopewa.

Wadaiwa dhidi ya mauzo

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa kuwa mauzo hewa ndiyo mchezo mkongwe na bado unapendwa.

Tuchukue kampuni ya mfano. Mwaka wa kwanza imeuza milioni 1,000 na mwisho wa mwaka inawadai wateja milioni 150. Mwaka wa pili imeuza milioni 1,300, na wadaiwa ni milioni 310. Mwenyekiti anashangilia mauzo kupanda kwa asilimia 30. Wewe gawanya wadaiwa kwa mauzo, zidisha kwa 365, upate siku ambazo wateja wanachukua kulipa. Mwaka wa kwanza ni siku 55. Mwaka wa pili ni siku 87.

Usiishie hapo. Jiulize wadaiwa wangekuwa kiasi gani kama wateja wangelipa kwa kasi ya zamani: asilimia 15 ya 1,300 ni milioni 195. Kwa hiyo kuna milioni 115 za ziada zilizoning'inia. Sasa angalia faida ya mwaka wa pili: milioni 120. Karibu faida yote ya mwaka imekaa kwenye ahadi za wateja ambao hawajalipa.

Hilo si ushahidi wa wizi. Pengine kampuni imepata mteja mkubwa anayelipa kwa siku 120. Pengine imenunua kampuni nyingine mwezi Desemba, ikabeba wadaiwa wote wa kampuni hiyo lakini mauzo ya mwezi mmoja tu. Sababu kama hizo huandikwa kwenye maelezo ya hesabu, kwa hiyo nenda ukazitafute. Ukikuta kimya, weka alama nyekundu.

Kwenye maelezo hayo, tafuta umri wa madeni: yapi yamevuka siku 90, na tengo la madeni mabaya, yaani kiasi kilichotengwa kwa madeni yanayohofiwa kutolipwa, limekwenda vipi. Madeni yakizeeka huku tengo likipungua, kuna mtu anabana gharama ili faida isishuke. Angalia pia kama kampuni imeanza kuuza madeni yake kwa benki kabla hayajalipwa. Ni biashara halali, lakini inafagia wadaiwa nje ya mizania siku ya mwisho wa mwaka, na siku 87 zako zinageuka 50 bila mteja yeyote kulipa haraka zaidi.

Kama kampuni inatoa hesabu za robo mwaka, linganisha robo ya nne na tatu za mwanzo. Mauzo yanayoruka kila robo ya mwisho, katika biashara isiyo na msimu, mara nyingi ni bidhaa zilizosukumwa kwa mawakala kwa makubaliano ya pembeni kwamba zitarudi. Sunbeam, waliokuwa wakitengeneza majiko ya nje ya kuchomea nyama, walihesabu mwaka 1997 mauzo ya majiko yaliyokuwa bado ghalani, wanunuzi wakiwa hawajayachukua.

Pesa taslimu haina adabu kwa waongo

Chora safu mbili: faida ya mwaka, na fedha zilizotokana na shughuli za biashara. Jumlisha kila safu kwa miaka mitano. Kampuni iliyokomaa inapaswa kuwa na jumla mbili zinazokaribiana. Mara nyingi ya fedha huwa kubwa kidogo, kwa sababu uchakavu, yaani thamani ya mali inayokatwa kidogo kidogo kila mwaka, unapunguza faida bila kutoa senti mfukoni.

Turudi kwa kampuni yetu. Faida 120, jumlisha uchakavu 40. Toa 160 za ongezeko la wadaiwa, toa 35 za stoki iliyojaa, jumlisha 10 za wauzaji ambao haijawalipa. Inabaki hasi 25. Faida ya milioni 120, na biashara yenyewe imekula milioni 25. Mwaka mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa wa ukuaji. Mitatu mfululizo ni swali la kumuuliza mkurugenzi wa fedha mbele ya wanahisa.

Wapo wanaojua kwamba unaangalia hapo, basi wanapika hata mtiririko. Njia yao ni kuhamisha matumizi ya kila siku kwenda fungu la uwekezaji. WorldCom walikuwa wakizilipa kampuni nyingine za simu ada za kutumia laini zao. Hiyo ni gharama ya kawaida kama kodi ya pango. Wao wakaiandika kama mali, ikaingia mizaniani pamoja na mitambo. Cynthia Cooper na timu yake ya ukaguzi wa ndani walifuatilia maingizo hayo, mengine wakiyachambua usiku wasionekane, na tarehe 25 Juni 2002 kampuni ikakiri dola bilioni 3.8. Baadaye jumla ya udanganyifu ilifika karibu dola bilioni 11.

Kwa hiyo usipime fedha za shughuli peke yake. Toa humo matumizi ya mali za kudumu, uone kinachobaki. Kampuni ambayo mitambo yake inaongezeka thamani mwaka hadi mwaka, huku uzalishaji uko palepale, imelaza gharama zake huko.

Binamu yake ni uchakavu. Waste Management walirefusha umri wa malori ya taka na kuyapa thamani kubwa ya mwisho, yaani bei ambayo yangeuzwa yakishachakaa, mtu asiye na lori angeamini linadumu milele. Mwaka 1998 walilazimika kurekebisha hesabu zao kwa dola bilioni 1.7. Linganisha umri wa mali unaotumika na ule wa washindani. Uko kwenye maelezo ya sera za uhasibu, aya ambayo kila mtu huiruka.

Salio la benki lenyewe

Wengi huamini kwamba fedha benki haziwezi kudanganywa. Parmalat ya Italia ilionyesha kampuni yake tanzu ya Bonlat, Visiwa vya Cayman, ina euro bilioni 3.95 Bank of America. Desemba 2003 benki ikasema barua ile ni ya kughushi. Satyam ya India ilidai fedha ambazo zaidi ya rupia bilioni 50 hazikuwepo, mpaka mwenyekiti wake Ramalinga Raju alipoandika barua ya kukiri Januari 2009. Wirecard nayo ikakosa euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa Ufilipino. Benki zilizotajwa zikasema hazimjui mteja huyo.

Vipimo viwili vinakusaidia, na vyote unavifanya ukiwa umekaa mezani kwako.

Cha kwanza ni riba. Chukua riba iliyopokelewa mwaka mzima, gawanya kwa wastani wa salio la mwanzo na la mwisho. Kampuni ikidai ina milioni 800 benki na imepata riba ya milioni 4, hiyo ni nusu ya asilimia. Kama amana za kawaida zilikuwa zinalipa asilimia 5 wakati huo, basi ama fedha zipo siku ya mwisho wa mwaka tu, ama hazipo kabisa, ama mweka hazina wao amelala usingizi wa pono.

Cha pili ni mikopo. Mwenye gunia la mchele haendi kuazima kibaba kwa jirani. Parmalat ilidai ina mabilioni na bado ilikuwa ikiuza hati fungani kila kukicha. Kuna majibu ya halali, kwa mfano fedha kukwama kwenye nchi inayozuia kuzitoa. Sharti jibu liwe limeandikwa, na liwe la nchi na kiasi.

Ukiwa hapo, geuza kipimo cha riba upande wa madeni. Riba iliyolipwa ukiigawanya kwa deni la mwisho wa mwaka ikitoa asilimia kubwa kupita kiasi, deni la katikati ya mwaka lilikuwa kubwa kuliko unaloonyeshwa. Benki ya Lehman Brothers ya Marekani mwaka 2008 walikuwa wakiondoa karibu dola bilioni 50 kwenye mizania kila robo ilipofungwa, kisha zinarudi siku chache baadaye.

Stoki

Siku za stoki, yaani siku ambazo bidhaa hukaa kabla ya kuuzwa, zikipanda wakati faida ghafi (mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa) nayo inapanda, kuna kitu hakiendi. Bidhaa zisizouzika hulazimisha bei kushuka. Stoki hewa hufanya kinyume: kila unapoongeza stoki ya mwisho wa mwaka, gharama ya mauzo inapungua na faida ghafi inanona. Kikokotoo kinatosha kuona hilo.

Mwaka 1938 McKesson & Robbins ya Marekani ilikutwa na mamilioni ya dola ya dawa zilizokuwepo kwenye maghala ya makaratasi tu; mpaka hapo, wakaguzi hawakulazimika kwenda kuziona. Kanuni zikabadilishwa, wakaanza kwenda ghalani na kuandikia wadaiwa barua za kuthibitisha. Walaghai nao wakajifunza. Katika kashfa ya mafuta ya kupikia ya 1963, wakaguzi walipanda juu ya matangi, wakachovya kipimo, wakakuta mafuta. Chini yake palikuwa maji. Mafuta huelea, na kila mtu aliyewahi kuosha sufuria anajua hilo isipokuwa waliotakiwa kulikumbuka siku ile.

Kampuni za pembeni

Tafuta kwenye maelezo sehemu ya miamala na wahusika wenye uhusiano: kampuni za mkurugenzi, za mkewe, za mshirika wake wa zamani. Isome mara mbili. Enron ililaza madeni na hasara zake kwenye kampuni ndogondogo, nyingine zikiongozwa na mkurugenzi wa fedha wa Enron mwenyewe, Andrew Fastow. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye maelezo, kwa lugha iliyosokotwa kiasi kwamba wachambuzi walipita juu juu. Kanuni yangu ni moja: aya nikiisoma mara tatu na bado siwezi kumweleza mtu mwingine nani alimlipa nani, naichukulia kwamba imeandikwa nisiielewe.

Kampuni tanzu zisizokaguliwa na mkaguzi mkuu nazo ziandike pembeni, hasa zile zinazotoa faida kubwa kuliko ukubwa wake. Uchunguzi wa Steinhoff, kampuni ya samani na maduka yenye asili ya Afrika Kusini, uliotolewa 2019, ulikuta miamala ya kubuni ya euro bilioni 6.5 iliyofanywa na kampuni zilizodaiwa kuwa za watu huru.

Kipimo cha Beneish

Mwaka 1999 profesa Messod Beneish alichapisha fomula inayounganisha uwiano nane: wadaiwa, faida ghafi, ubora wa mali, ukuaji wa mauzo, uchakavu, gharama za utawala, madeni, na pengo kati ya faida na fedha. Jibu likiwa juu ya hasi 1.78, kampuni inafanana na zile zilizowahi kuchezea hesabu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell walikitumia kwa Enron mwaka 1998 wakapata dalili, miaka mitatu kabla haijaanguka.

Fomula unaipata kirahisi na Excel itakufanyia. Ninachotaka ujue ni uzito wake: pengo la faida na fedha ndilo linalobeba namba kubwa kuliko zote, 4.679. Kwenye mfano wetu, faida 120 na fedha hasi 25 ni pengo la 145. Likigawanywa kwa mali zote, tuseme milioni 1,100, ni 0.13, na hilo peke yake linaongeza alama 0.6. Kipimo hiki hukosea, hasa kwa kampuni changa zinazokua haraka, na hakifai kwa benki wala bima. Kitumie kupanga foleni ya kampuni za kuchunguza, usikitumie kuhukumu.

Sheria ya Benford, inayosema kwamba karibu asilimia 30 ya namba zinazojitokeza zenyewe kwenye biashara huanza na 1 na chini ya asilimia 5 huanza na 9, ni silaha ya mkaguzi mwenye maelfu ya ankara. Kwa ripoti ya kurasa mia moja, iache.

Watu waliozishika hesabu

Namba hazijipiki. Angalia nani analipwa nini faida ikifika kiwango fulani, na mikopo ina masharti gani. Kama mkopo unadai faida iwe walau mara tatu ya riba na kampuni imetoka na 3.05, hiyo 0.05 ndiyo ya kuichimba. Hali kadhalika kampuni inayotimiza makisio yake kila robo bila kukosa. Biashara ya kweli ina miezi mibaya.

Toshiba mwaka 2015 ilikutwa imevimbisha faida kwa zaidi ya yen bilioni 150 katika muda wa takriban miaka saba. Uchunguzi ulieleza viongozi waliokuwa wakiwapa wakuu wa idara malengo yasiyofikika siku chache kabla ya kufunga hesabu. Hakuna aliyeagizwa aibe. Waliagizwa namba tu. Kwenye utamaduni wa kutii bosi, inatosha.

Tazama pia wanaoondoka. Mkurugenzi wa fedha, mkaguzi wa ndani na mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi wakiacha kazi ndani ya mwaka mmoja "kwa sababu binafsi", sababu binafsi zimezidi. Jeffrey Skilling aliacha ukurugenzi mkuu wa Enron Agosti 2001 akiwa na miezi sita tu ofisini. Desemba kampuni ikaomba kinga ya kufilisika.

Tena wasikilize wa ndani. Ripoti za ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, zinaonyesha toleo baada ya toleo kwamba takriban kesi 4 kati ya 10 hufichuliwa na mtu aliyetoa taarifa, ilhali ukaguzi wa nje hugundua chache mno. Kesi za mahakamani za wafanyakazi waliofukuzwa na malalamiko ya wauzaji wasiolipwa ni hazina kuliko hotuba ya mwenyekiti.

Toka nje ukahesabu

Likiwezekana, nenda. Ripoti isiyo na jina iliyosambazwa Januari 2020 kuhusu Luckin Coffee ya China ilitokana na watu zaidi ya 1,500 waliokwenda kwenye maduka, wakarekodi zaidi ya saa 11,000 za video na kukusanya risiti zaidi ya 25,000. Waligundua kwamba namba za oda zilikuwa zinaruka ndani ya siku moja, ili mtu anayezihesabu kuanzia asubuhi hadi jioni apate mauzo makubwa kuliko yaliyopo. Aprili kampuni ikakiri mauzo ya kubuni ya takriban yuan bilioni 2.2.

Huna watu 1,500. Una macho, simu, na Jumamosi. Hesabu magari yanayotoka kiwandani kwa siku. Mpigie wakala mmoja umuulize kama bidhaa zinatoka au zimejaa stoo kwake.

Ukishapata dalili

Usikimbilie mtandaoni kutaja watu. Kesi ya kuchafua jina itakufikia kabla ya ukweli wao. Andika maswali yako kwa ufupi, kila moja na ukurasa wake, uyatume kwa idara ya wawekezaji. Jibu la kweli huja na namba. Jibu la vitisho, au la kukusimulia maono ya kampuni, liweke kwenye faili pamoja na alama nyekundu. Kama una hisa, una haki ya kuuza bila kumweleza mtu. Kama una nyaraka za ndani, mwone mwanasheria kwanza, ndipo uende kwa mamlaka ya masoko ya mitaji.

Na karatasi uliyoandikia hesabu na alama zako nyekundu usiitupe. Hesabu za nusu mwaka zinazofuata ndizo zitakazosema zile milioni 115 zimekwenda wapi. Zikilipwa, fedha za shughuli zitapanda kwa kiasi cha kuonekana. Zisipolipwa, tafuta mauzo yaliyorudishwa mwezi Januari, tengo la madeni mabaya lililovimba ghafla, au stoki iliyopanda kwa karibu kiasi hichohicho ambacho wadaiwa wameshuka.